Namna ya Kuchagua Injini ya Shangingi Bila Kuwa na Kasma

Kabla hujafungua boneti ya gari lolote, nenda kakae kwenye mgahawa wowote kando ya barabara iendayo Mtumba, saa moja asubuhi, uagize chai ya maziwa na chapati mbili, kisha utazame yanayopita. Yatapita magari ya namba za STK, yatapita ya STL, yatapita ya SU na DFP, mengi meupe, vioo vimepandishwa, yakitoa ule muungurumo wa chini kwa chini kama wa mzee anayekoroma akijua hakuna wa kumwamsha. Chapati ya pili ikiisha utakuwa umeshachagua injini. Kosa lako la kwanza limekamilika, na dalali hata hujakutana naye.

Chai hiyo niliinywa mwenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ukakaa zaidi ya miaka 40 kama ahadi ya mjomba, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli aliposema watu wafungashe. Kabla ya hapo sisi wenyeji tulikuwa tunayaona mashangingi kwa msimu, kama kumbikumbi: Bunge likianza yamejaa, likiahirishwa yametoweka na bei ya kuku imeshuka. Baada ya hapo yakawa ya kila siku. Mtu akikiona kitu kila siku huanza kukipima kama ni saizi yake. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Nilikuwa na kiwanja Iyumbu na mkopo wa SACCOS. Kiwanja nikakiuza. Nitarudi kwenye habari za kiwanja hicho nikipata nguvu.

Neno la kwanza la mwongozo huu si la gereji, ni la uhasibu, nalo ni kasma. Yale magari uliyoyaona wakati wa chai yalichaguliwa na mtu ambaye hatayajaza mafuta. Mafuta yanatoka GPSA, matengenezo yanapitia TEMESA, dereva akilala Singida ana posho yake. Likigonga mbuzi Bahi, kuna fomu. Kila tone linaloingia kwenye ile injini lina fungu na kasma, na lilijadiliwa bungeni wewe ukiwa unatazama kwenye televisheni. Ukilinunua lile lile likiwa limetumika, unauziwa injini peke yake. Kasma inabaki Mtumba.

Umenisikia, umetikisa kichwa, na bado unaitaka V8. Wengi hufika hapa, kwa hiyo tuendelee.

Kuhusu V8, ambayo si moja

Kwa dalali, V8 ni herufi na tarakimu zilizobandikwa mlango wa nyuma. Kwa fundi ni ukoo mzima wenye tabia tofauti. Kuna 2UZ, petroli ya lita 4.7, iliyokuwemo kwenye Land Cruiser 100 na kwenye miaka ya mwanzo ya Land Cruiser 200. Hii inatumia mkanda wa taimingi, na mkanda una umri wa kufa kama kiumbe yeyote. Kuna 1UR ya lita 4.6, petroli pia, yenye cheni. Kuna 3UR ya lita 5.7, ile ya Lexus LX 570, ambayo ukiiwasha jirani anahisi umemtukana. Na kuna 1VD, dizeli ya lita 4.5, ambayo kwenye Land Cruiser 200 ina tabo mbili. Hiyo ndiyo wenye busara huitaja wakiulizwa wangependa nini, kwa kuwa ina nguvu tangu chini na hainywi kama ndugu zake. Wanachosahau kukutajia ni kwamba ina nozeli nane. Nozeli za dizeli za kisasa hazichoki moja moja kwa ustaarabu. Ya kwanza ikichoka, wenzake wanaanza kuulizana. Siku hiyo utahesabu kama unavyohesabu watoto mwezi wa ada.

Tangi nalo liangalie. Land Cruiser 200 huwa na tangi kuu la lita 93 na la akiba la lita 45, jumla 138. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000 ili hesabu isituumize kichwa, kulijaza mara moja ni 414,000. Mimi tangi langu, dogo kuliko hilo, nimelijaza mara moja tu, siku niliyolinunua, na nina picha. Tangu hapo nimekuwa mwanachama wa chama kikubwa kisicho na katiba, cha watu wanaoingia kituoni na injini ya lita nne na ushee wakasema, kwa sauti ya chini huku wakitazama simu, “Weka ya thelathini.” Utatutambua kwa deshibodi: mshale wa mafuta umelala, sisi tumekaa wima.

Ukitaka kujua imani ya mtu mwenye V8, mtembelee jioni ya kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi, mkesha wa EWURA kutangaza bei kikomo za mafuta. Hakuna anayekula vizuri nyumba hiyo. Tena mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, sote tukapiga makofi, kisha tukasoma vizuri: iliongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta. Yaani ada ileile ilitolewa kwenye kioo cha mbele ikapelekwa kwenye bomba la kituo, na mwenye injini kubwa akawa mlipakodi mwenye bidii pasipo kukusudia. Kwenye uagizaji ndiko TRA walikokuwa wapole kwake. Ushuru wa bidhaa kwa magari haya huenda kwa ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1,000 haina kitu, kutoka hapo hadi 2,000 asilimia 5, ikizidi 2,000 asilimia 10. Ikizidi, imezidi. Injini ya 2.4 na ya 5.7 zinapigwa asilimia ileile, kama kwamba ni pacha. Ndipo dalali anapokwambia kwa macho makavu kwamba kwa kodi hiyohiyo ni upumbavu kuchukua ndogo. Umri wa gari una adhabu yake peke yake: miaka 8 hadi 10 asilimia 15, zaidi ya 10 asilimia 30. Na sisi hatununui la chini ya miaka 10.

Sasa nguvu zote hizo utazitumia wapi? Toka Dodoma uelekee Morogoro. Ihumwa, kibao cha 50. Chamwino, 50. Mbande, 50. Kibaigwa, 50, na nyuma ya gunia la mahindi ameketi afande na tochi yake. Pandambili, 50. Gairo, 50 ndefu kuliko mahubiri. Faini ni shilingi 30,000, na haiulizi una silinda ngapi. Nimepita Kibaigwa na silinda zangu nane sambamba na Noah iliyobeba abiria kumi na mmoja na kuku, mwendo mmoja, tukitazamana kama ndugu wa tumbo moja. Mwenye Noah alikuwa anacheka. Alikuwa na sababu.

Na tangu katikati ya mwaka 2024 kuna treni ya umeme. Nauli ya kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza kwa shilingi 31,000, na safari ni chini ya saa nne. Kwa V8 ya petroli inayokwenda kilomita 6 kwa lita, kilomita 450 hivi za barabara ni lita 75, yaani 225,000 kwa bei yetu ya kukadiria, kwenda tu, bila tochi na bila mahindi ya kuchoma. Hesabu hii nilimpa mwanafunzi wangu wa kidato cha pili kama zoezi. Aliifanya vizuri, kisha akaniuliza kama mtu huyo kwenye swali ni mzima.

Kuhusu hewa, jambo ambalo dalali hauzi

Hapa kidogo nitakuwa mwalimu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Kigamboni, na injini inaishi kwa hewa kama wewe. Injini isiyo na tabo ikipandishwa kutoka pwani hadi huku hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, hata kabla hujapakia mama mkwe. Yenye tabo husukumiwa hewa kwa lazima, kwa hiyo haisikii sana tofauti. Ndiyo maana mtu anayelijaribu gari Mikocheni akalipenda, akifika nalo mlima wa Kolo njia ya Kondoa anadhani limerogwa. Halijarogwa. Limefika nyanda za juu na halikuletewa hewa ya kutosha.

Kwa hiyo kama ungekuwa mtu wa akili, ungesema: huku kwetu natafuta dizeli yenye tabo. Sawa. Lakini tabo ni kitu kinachozunguka mara nyingi kupita kiasi, kwenye moto mkali, kwa msaada wa utando mwembamba wa oili, na wewe ni mtu unayenunua oili ya dumu lisilo na jina kwa kuwa “zote ni oili”. Hewa inaipa tabo kura yangu. Tabia zetu zinainyima. Ukiwa mtu wa oili nzuri kwa wakati, chukua tabo. Ukiwa kama mimi, chukua petroli na uwe na subira milimani.

Wazee wa mjini wanaogopa dizeli ya kisasa kwa sababu nyingine, na hawakuota. Kulikuwa na miaka mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na watu wasiomcha Mungu wakawa wanayachanganya. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Pampu ilikufa ikiwa kijana. EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa hadi uchakachuaji ukapoteza faida. Baadaye, 2015, Afrika Mashariki ikahamia dizeli yenye salfa kidogo. Kwa hiyo mzee akikwambia “dizeli hapa inaua injini”, anakusimulia kweli ya miaka ileile ambayo bado anavaa suruali zake.

Ni uoga wa namna hiyo uliozaa hekaya ya D4. Muulize mtu yeyote Dodoma, hata muuza zabibu wa pale stendi: “Usinunue D4.” Kwa nini? “Inasumbua.” D-4 ya Toyota ni petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na kweli haivumilii mafuta machafu wala fundi mwenye nyundo moja. Lakini D-4D ni dizeli, kitu kingine kabisa. Nimeshuhudia mtu mzima akiikataa Prado ya dizeli kwa kuwa aliona D-4D kwenye bati, akaenda akanunua gari la wagonjwa lililostaafu.

Mkoa huu uliwahi kununua injini zilizotumika

Kwa wingi, tena. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga. Vita vilikuwa vimekwisha, mafuta ya kupikia yalikuwa ya mgawo kwao, na mtu fulani London akatazama ramani akaona uwanda mtupu. Mitambo mipya ilikuwa haipatikani, kwa hiyo wakakusanya matrekta yaliyotumika na mabaki ya jeshi. Walifika hadi kuvigeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, wakayaita Shervick. Hebu pima nguvu za farasi za kifaru. Hata Lexus inatoa heshima.

Mibuyu ya Kongwa haikutoa. Udongo ulikuwa laini wakati wa mvua, na mvua ilipokata ukawa sakafu. Mchanga wake mkali ukasaga majembe na vyuma kama tupa. Spea zilikuwa safarini, bandarini Dar es Salaam kumejaa, reli imelemewa, mafundi hawatoshi. Mitambo mingi ikafia porini ikiwa bado na namba za jeshi ubavuni. Mapema 1951 serikali ya Uingereza ikaachana na mpango, ikafuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 35.

Nguvu walikuwa nazo. Kilichokosekana ni nati ndogo iliyokuwa kwenye meli, na Mgogo mmoja wa kuulizwa habari za ule udongo. Kwa hiyo ukifika yadi, swali lako la kwanza lisiwe injini ina farasi wangapi. Uliza spea yake inalala wapi: inalala hapa mjini, inalala Kariakoo Gerezani, au inalala Dubai na itakuja ikipata nafasi?

Kwa swali hilo moja, magari ya Ulaya yanajiondoa yenyewe kwenye mwongozo huu, nami nitayapitia nikiwa nimesimama. Kuna dizeli za V6 za Discovery na Range Rover Sport za miaka ile ambazo, ili fundi azifikie tabo vizuri, hunyanyua bodi zima kutoka kwenye chasi. Bodi zima, ndugu yangu. Unaenda gereji unakuta gari lako limevuliwa kama samaki. Shafti zake kuu za injini nazo zina historia ambayo mwenye nalo hapendi kuisimulia. Kuna V8 ya BMW, N63, ambayo tabo zake mbili zimewekwa katikati ya V, kwenye joto lote, jambo ambalo Munich ni la kiinjinia na Oktoba ya Dodoma ni la mazishi. Na kuna Volkswagen Touareg ya V10 ya dizeli, ambayo mwaka 2006 huko Uingereza ilijazwa vyuma vya uzito ikavuta ndege ya Boeing 747. Ukisikia kiwanja kipya cha Msalato kinatafuta kijana wa kuvuta ndege, ichukue. Kwa kupeleka watoto shule Kisasa, hapana.

Basi Prado

Mwisho wa yote familia ya Kitanzania yenye heshima huishia kwenye Prado, kama mazungumzo yote ya harusi yanavyoishia kwenye idadi ya kadi. Ni kubwa ya kutosha kuegeshwa mbele ya kanisa, ndogo ya kutosha kuonekana haukuiba. Na hapa ndipo injini inakuwa shughuli ya kweli.

Petroli ya 2.7, yaani 2TR, ina cheni, ina spea kila kona, ina nguvu za farasi zipatazo 160 za kusukuma tani mbili. Ondoa ile sehemu ya kumi ya hewa yetu. Ukiikanyaga kuelekea Gairo itapiga kelele nyingi, itatafakari, kisha itakwenda mwendo uleule. Hii ndiyo injini ya ndoa ndefu: haikufurahishi, haikuui. Petroli ya 4.0, V6, ndiyo yenye raha, nayo inakunywa kama V8 huku ikikunyima heshima ya V8, kwa hiyo sijaelewa inanunuliwa na nani, ila wote ninaowajua walio nayo wanatabasamu. Dizeli ya 3.0, 1KD, ndiyo ambayo kila mtu anaitaka kwa mwendo na mafuta. Ina ugonjwa wake unaojulikana: chini ya nozeli kuna washa ndogo za shaba, zikichoka, moshi unavuja kuingia kwenye oili, oili inageuka lami, lami inaziba chujio kule chini, na injini inakufa kwa kiu ikiwa imejaa oili. Kifaa cha bei ya soda kinaua injini ya bei ya kiwanja. Uliza zilibadilishwa lini. Ukijibiwa “Washa zipi?”, umeshajibiwa.

Na jambo moja la kukufanya uonekane mjuzi mbele ya shemeji: Japani waliacha kuuza Prado ya dizeli kabla ya toleo la 150 kutoka, wakairudisha 2015 ikiwa na injini ya 2.8. Kwa hiyo mtu akikuuzia “Prado ya Japani, 2011, dizeli 3.0”, ama gari halikuuzwa Japani likiwa jipya, ama injini haikuzaliwa ndani ya gari hilo. Mwulize taratibu, umtazame koo.

Harrier? Wewe unasema Harrier si shangingi, mke wangu anasema ndilo linalomtosha, na ile Harrier tuiitayo tako la nyani bado inageuza shingo pale Nyerere Square. Sawa. Ya 2.4 ina tabia ya kula oili ikizeeka, basi uwe na dumu nyuma ya kiti. Ya V6 haina tabia hiyo, ina kiu tu. Za umeme na petroli pamoja zinavuta hewa ya kupoza betri kutoka ndani ya gari, kwa hiyo vumbi la Nzuguni unalolipumua wewe, betri nayo inalipumua. Tumemaliza Harrier.

Fundi wangu, mtu wa Mvumi, hayataki yote haya. Kwake injini ni moja tu duniani, 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, haina kompyuta ya kuitafsiria maneno. Imekuwepo tangu 1990 kwenye Land Cruiser za kazi, zile za miradi na za misheni. “Mwalimu,” aliniambia, “hii ukiikosea leo, inakusamehe. Hizo zako zinaandika.” Ni kweli. Kweli pia kwamba 1HZ hupanda Kolo polepole kiasi kwamba ungeweza kushuka ukaiangalia michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, kisha ukaliwahi gari lako juu. Lakini hakuna mtu aliyeuza kiwanja ili aonekane amekuja kukagua kisima.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi na mapema, Juni au Julai kama unaweza, baridi ya Dodoma ikiwa inauma. Usimwambie dalali saa kamili. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, gari limeamshwa kabla yako ili lisikohoe mbele ya wageni. Injini nzima huamka na baridi yake. Tazama bomba la moshi: wa bluu inakula oili, mweusi inakula mafuta isiyoyamaliza, mweupe mzito usiokoma inakunywa maji. Fungua mfuniko wa oili. Ukikuta kitu kama chai ya maziwa, funga, shukuru, ondoka. Usiende na mtu anayeyapenda magari. Nenda na mtu asiyeyapenda, mwenye njaa.

Siku yangu ilikuwa hivi.

“Mheshimiwa, hii haijaguswa nati,” dalali aliniambia. Dodoma kila mwenye shati la kuchomekea ni mheshimiwa.

“Kilomita ngapi?”

“Sabini na nane elfu. Halisi. Alikuwa nayo bibi wa Kijapani, anaendea sokoni tu.”

Nikafungua boneti. Gereji za Japani zina uungwana mmoja: zikibadilisha mkanda wa taimingi hubandika stika ndani, zikaandika tarehe na kilomita. Ilikuwepo, imefifia lakini inasomeka: 102,000.

“Na hii stika?”

Aliinama akaitazama kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuulizwa. “Hiyo, mheshimiwa, ni namba ya simu ya gereji.”

Nililinunua. Sitaki maswali. Aliliwasha, likaunguruma ule muungurumo, na mimi ambaye hufundisha mawimbi ya sauti nilisimama pale nikiwa nimepigwa na wimbi la sauti.

Baada ya kununua kuna mambo mawili ya hapa kwetu ambayo hayamo kwenye kitabu cha gari. La kwanza ni maji. Sote tunaijua ile chokaa nyeupe chini ya birika. Maji ya visima vya Makutupora tunayakunywa na tunaishi, lakini ukiyamimina kwenye rejeta, birika lile unalihamishia ndani ya injini, kwenye njia nyembamba kuliko mrija wa juisi, na siku moja litachemka Chalinze Nyama watu wakiwa wanakula. Weka kulanti. La pili ni vumbi: filta ya hewa ambayo Tokyo ingekaa mwaka, kwenye mitaa mipya isiyo na lami haimalizi msimu wa upepo. Wapo wanaoipiga ukutani wakairudisha. Mimi ni mmojawapo, na siutetei utaratibu huo.

Wazee wa Kigogo wanasema jina la mji huu lilitokana na tembo aliyeshuka kunywa maji akazama kwenye matope; idodomya, imezama. Nalifikiria sana jambo hilo kila Januari. Mji mzima ulipewa jina kwa ajali ya mnyama mzito, mwenye nguvu, anayevuta kwa miguu yote minne, na bado sisi tunanunua tani mbili na nusu kwa kusema “hii haikwami”. Mwaka juzi langu lilikwama Nala, mpaka kwenye ekseli. Lilivutwa na trekta la mkulima wa alizeti. Alinitoza elfu ishirini, akakataa kuniita mheshimiwa.

Kiwanja cha Iyumbu sasa kina ghorofa mbili na kibao cha nyumba ya wageni. Napita pale kila siku ya kazi, kwa daladala.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unaitaka V8, ninayo. Petroli, nyeupe, namba D. Mkanda nimebadilisha mwenyewe kwa fundi wa Mvumi, stika ipo na kilomita ni za kweli, zote mbili, za stika na za deshibodi, ukizijumlisha unavyotaka. Rejeta ina kulanti tangu mwaka jana. Oili si maziwa. Limeegeshwa Kisasa chini ya mwarobaini; njoo asubuhi, sitaliwasha kabla hujafika, kwanza haliwezi. Bei ni maelewano. Njoo na mafuta.